Herufi Kubwa za Asubuhi

Jumatatu, 5 Julai 1999

Marcelo amebadilisha kioo cha kompyuta. Tena! Ijumaa nilipotoka ofisini niliacha herufi za menyu zimenenepa vizuri, leo nimezikuta zimekonda kama zilivyokuwa. Hakuuliza mtu. Mhasibu haulizi.

Kompyuta ni moja, sisi wawili. Asubuhi mimi naingiza ununuzi wa pamba unaoletwa kutoka vituoni — jina la mkulima, kijiji, kilo. Mchana anakaa yeye na mahesabu yake. Anataka kuona miezi yote ya mwaka kwa mara moja, Januari mpaka Desemba, asisogezesogeze ukurasa kama mtu anayefukuza kuku. Kwa hiyo kila kitu lazima kiwe kidogo. Barua naweza kuzikuza mle mle ndani ya barua, hilo nilishajifunza. Ila programu ya ununuzi haikuzwi. Inafuata ukubwa wa kioo kizima, na kioo ni cha Marcelo.

Nimemwambia kwa upole tuache kubwa kidogo. Akasema dada Ernestina, hiki si tangazo la mnada. Akacheka. Nami nikacheka.

Sikumwambia sababu. Nikimwambia leo, kesho meneja anajua, keshokutwa niko Ipililo, kijijini kwetu. Wakati wa ushirika tulikuwa wapiga taipu wanne. Kampuni iliponunua kiwanda ikambakiza mmoja, mwenye mikono myepesi na macho mazuri. Mikono bado ipo.

Jumanne, 6 Julai

Afadhali niandike hapa, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Daktari wa Mwanza alisema ni sehemu ya nyuma ya jicho, katikati, inachakaa. Miwani haisaidii. Nikauliza dawa. Akaniuliza mama yangu anaona? Nikasema alipofuka akiwa na umri kama wangu. Akaandika kitu kwenye kadi, akaita mgonjwa mwingine. Basi.

Nikimtazama mtu usoni, uso haupo. Masikio yapo, kofia ipo, katikati pana doa kama mafuta ya taa kwenye karatasi. Nikitaka kusoma lazima nitazame pembeni ya neno ili neno lenyewe lijitokeze. Kuku anavyomtazama mwewe, ndivyo ninavyotazama kazi yangu.

Herufi kubwa bado nazipata. Ndogo, sizipati.

Ijumaa, 9 Julai

Nimeharibu. Marcelo alikwenda benki, nikaingia mwenyewe, kwa mara ya kwanza, kwenye setingi za ukubwa wa kioo. Pale kuna kimkanda cha kusogeza kwa mausi, upande mmoja kimeandikwa Kidogo, mwingine Zaidi, kwa Kiingereza chao. Nikasogeza kwenye Zaidi, mpaka mwisho. Ni nani angefikiri vingine? Kioo kikazima, kikawaka — herufi zimekuwa mayai ya chawa! Hata kitufe cha kurudisha sikukiona.

Kumbe Zaidi ni nafasi zaidi. Wanaongeza uwanja, kila kilichomo kinapungua. Mtu unaomba zaidi unapewa kidogo.

Nilipapasa na ile mausi nusu saa. Marcelo akarudi, akatazama, akasema, heee, nani ameniwekea vizuri namna hii? Akafurahi. Sasa anaona na mwaka uliopita wote.

Jumatatu, 12 Julai

Leo nimeingiza kilo za Lingeka kwenye jina la mtu wa Ipililo. Ndaki ndiye aliyeniokoa. Alikuja kuchukua karatasi yake ya mafuta, akasikia ninavyojisomea kwa sauti, akaniita mayu, mama kwa Kisukuma, akasema huyo mzee ni wa kwetu Lingeka, namfahamu na fahali wake. Nikasahihisha haraka. Nikamshukuru, nikasema wabeja. Akasema haya mayu, akarudi kwenye mashine yake.

Ndaki ni mtu wa jenereta. Umeme wote wa hapa uko mikononi mwake, wa mitambo ya kuchambulia pamba na wa ofisi. Mitambo ikianza kuzunguka, umeme wa ofisi unashuka na kompyuta inazimika puu. Kwa hiyo ana desturi yake, hakuna aliyemwagiza. Ametundika ringi ya gari kwenye mwarobaini nje ya banda. Kabla hajaifungulia mitambo anaigonga mara tatu. Mimi nikisikia nahifadhi kazi, nazima kwa utaratibu, nangojea. Msimu wa pili huu, hajawahi kusahau.

Jumatano, 14 Julai

Meneja Luhaga ameniuliza mbona macho yangu mekundu. Roho ikapaa. Nikasema ni kioo, bosi, mwanga wake mkali. Amekubali. Amesema hata yeye amesikia hizo mashine zinachoma macho.

Nimepona kwa leo.

Jumatano, 21 Julai

Sikupona.

Luhaga ametoka Mwanza na zawadi. Kwa heshima yangu! Amenunua kioo kingine cheusi cha kuning'iniza mbele ya kioo cha kompyuta, cha kuzuia mwanga. Akakivisha mwenyewe, watu wamesimama. Akasema kampuni inajali wafanyakazi wake. Wakapiga makofi, nami nikapiga.

Herufi zilikuwa ndogo. Sasa ni ndogo na kuna giza. Ni kama kusoma kupitia soksi. Nimeshukuru mara mbili. Moyoni nilitaka kukitupa kwenye choo cha nyuma.

Alhamisi, 22 Julai

Nilikivua kidogo. Marcelo akasema dada, zawadi ya bosi hiyo. Nikakivisha.

Jumatatu, 26 Julai

Leo kuna jambo.

Asubuhi jenereta lilikatika lenyewe, mafuta yalikuwa na maji. Kompyuta ndiyo kwanza ilikuwa inaamka, pale inapoonyesha mawingu. Ndaki alipowasha tena ikaja na ukurasa mweusi wa maneno meupe, orodha ya njia za kuamkia, ikajichagulia yenyewe. Halafu — sikuamini. Herufi kubwa! Kubwa za kushiba! Rangi zimepungua, kila pembe ya kioo imeandikwa kwamba mashine iko katika hali ya tahadhari. Lakini jina la mkulima nimelisoma kwa kutazama mara moja, hata na lile giza la Luhaga mbele yake. Programu ya ununuzi inafanya kazi. Printa tu ndiyo haikubali.

Nimeingiza vituo vitatu kabla ya chai, bila kosa. Nilikuwa naimba.

Marcelo alipoona akashika kichwa, eti mashine inaumwa. Akaizima na kuiwasha kwa utaratibu. Ikarudi kwenye mayai yake ya chawa. Akasema imepona.

Jumanne, 27 Julai

Nimejaribu. Nilikuja mapema, Ndaki ameshawasha jenereta, ofisi haina mtu. Nikawasha. Mawingu yalipotokea nikazima kwa swichi ya ukutani. Nikawasha tena. Ukurasa mweusi ukaja, halafu herufi kubwa.

Zamu ya Marcelo ikifika huwa anaanza na chai kwa mama lishe. Hapo nazima vizuri, nawasha vizuri. Anakuta kioo chake na miezi yake yote. Hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Jumatano, 4 Agosti

Kila asubuhi sasa. Nawasha, mawingu, nazima, nawasha. Nimezoea kama kusukutua.

Luhaga amenisifu mbele ya Marcelo kwamba kazi yangu ya siku hizi ni safi. Nimeona aibu na raha kwa pamoja. Najua si safi. Naiba macho kwa mashine. Na doa linakua, wiki hii limeshika mpaka kidevu cha mtu. Hata hizi kubwa zitanishinda, labda Krismasi, labda kabla. Lakini msimu wa pamba ukiisha nikiwa bado kitini, huenda nikapewa kazi ya simu. Simu haihitaji macho. Ndilo tumaini langu lote, ni dogo hata kulitaja naona haya.

Jumapili, 8 Agosti

Nane Nane. Nimekwenda Ipililo baada ya misa.

Mama amekaa palepale kwenye ngozi yake karibu na kihenge, anamenya viazi vya kukausha michembe kwa mikono. Nilipopiga magoti kumsalimia akanishika uso. Vidole vikapita machoni. Akasema, na wewe mayu? Tu. Nikasema hapana mama, ni vumbi la njiani. Akaendelea kumenya.

Machibya mdogo wangu akanisindikiza mpaka barabarani. Akasema dada, ukija tena vaa miwani nyeusi. Nikauliza kwa nini. Akasema majirani wanaongea. Ng'ombe wawili wa jirani wamekufa, na mama macho yake mekundu watu wameshayaona miaka yote. Sasa wameona na yako. Akasema kwa sauti ya chini, mkikaa wawili nyumba moja mimi sitaweza kuwalinda, nakuambia ukweli.

Hakuwa na hasira. Aliogopa. Anajua yaliyowapata wanawake wenye macho mekundu walioitwa wachawi, na mimi najua.

Kwa hiyo hata Ipililo si pa kurudi. Nilikuwa napaogopa kumbe napategemea.

Ijumaa, 13 Agosti

Mashine imechelewa kuamka leo. Ikakwaruza ndani, kama mtu anayekwangua ukoko. Nikasubiri. Ikaamka.

Jumatatu isije ikachelewa hivi Marcelo akiona. Nitafika mapema zaidi.

Jumatatu, 16 Agosti

Imekufa.

Niliwasha, mawingu, nikazima, nikawasha. Ukurasa mweusi. Mstari mmoja wa maneno na kimstari kinachopepesa. Nikazima nikawasha. Mkwaruzo, basi. Nikaikalia mikono yangu.

Wakati huohuo, nje, Ndaki akagonga ringi mara tatu. Nilisikia vizuri kabisa. Mitambo ikaanza kuzunguka, taa ikafifia, ikarudi. Mashine ilikuwa imeshakufa kabla.

Marcelo alipoingia nikamwambia haiwaki. Nikajikausha. Akabonyeza kila kitu, jasho likamtoka. Ununuzi wote tangu Juni umo mle. Nikauliza, si huwa unanakili kwenye diski? Akasema mara ya mwisho ni mwanzoni mwa msimu. Akanitazama, sikuiona sura yake lakini sauti niliisikia. Akasema ni umeme huu. Ni huyu Ndaki na umeme wake.

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza.

Alhamisi, 19 Agosti

Fundi Januarius amefika kutoka Mwanza. Ni kijana mpole, anaongea na mashine kama anayemkamua ng'ombe mgeni. Akafungua, akatoa diski, akaitikisa karibu na sikio. Akasema hii imeuawa na umeme kukatika wakati inaamka. Si mara moja, mara nyingi.

Kila mtu akageuka kutazama banda la jenereta. Mimi nikatazama mikono yangu.

Ununuzi hautarudi. Wakulima wana karatasi zao, itabidi viitwe vituo vyote, kimoja kimoja. Nassa mpaka Meatu.

Ijumaa, 20 Agosti

Leo siwezi kuandika kwa mpangilio.

Kikao asubuhi. Luhaga, Marcelo, mimi, Ndaki amesimama mlangoni kwa sababu ya mafuta kwenye nguo. Marcelo akasema Ndaki anafungulia mitambo bila kugonga ringi. Alikuwa anajiokoa; akipatikana wa kulaumiwa, nani angemuuliza kwa nini hakunakili? Ndaki akasema nagonga kila siku, bosi. Akanyoosha mkono kwangu. Akasema mayu huyu hapa ni shahidi, yeye ndiye anayesikia. Mayu, si huwa unasikia?

Luhaga akaniuliza. Dada Ernestina, Jumatatu ulisikia?

Nikasema kulikuwa na kelele, bosi. Nikasema sikumbuki vizuri.

Mimi nimesema hivyo. Kwa mdomo huu. Ndaki hakubisha. Alisema haya mayu, kama anavyosema siku zote, akatoka.

Mchana Januarius akanikalisha kwenye kompyuta, diski mpya ndani, kioo kilekile. Akavua lile giza la Luhaga, akaliweka chini, akasema haya hayasaidii kitu. Halafu akaniuliza: dada, wewe unapenda herufi za ukubwa gani?

Tangu mashine hii iletwe hakuna aliyeniuliza. Nikamwonyesha kwa vidole. Akasogeza kile kimkanda, upande wa Kidogo. Herufi zikanenepa. Akaongeza na za majina na za menyu. Akaniangalia ninavyotazama pembeni, akaongeza tena. Nikasema na Marcelo je, miezi yake? Akamwita. Akamwonyesha namna ya kupunguza ndani ya hesabu zake tu, bila kugusa kioo. Marcelo akasema kumbe. Miezi yote ikaonekana. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kunywa chai.

Ningefungua mdomo Julai! Neno moja tu. Lakini ningesema kwa nani, na ningesema nini.

Jumamosi, 21 Agosti

Sikwenda popote. Nimelala mchana, nikaota ringi inagongwa.

Nimejiambia hivi: Ndaki ana mikono, ana ng'ombe Lingeka, ana macho. Fundi wa jenereta anahitajika kokote. Mimi nina nini? Nimejiambia mara nyingi. Haishuki kooni.

Jumatatu, 23 Agosti

Saa nne asubuhi. Naandika ofisini, daftari kwenye mapaja chini ya meza.

Luhaga ameniita akanitajia barua kwa mdomo. Niitaipu, niichape, yeye atie sahihi kabla ya kwenda Shinyanga. Ni ya Ndaki. Kuachishwa kazi kwa uzembe uliosababisha hasara. Nikasema bosi. Akasema ndiyo? Nikasema tarehe iwe ya leo? Akasema ya leo.

Nimeitaipu. Vidole vilikwenda vyenyewe kama zamani. Na sasa iko mbele yangu kwenye kioo, herufi kubwa, nyeusi, kwenye weupe safi. Hakuna giza mbele yake. Sijaona maandishi vizuri namna hii tangu mwaka jana. Nasoma kila neno bila kutafuta pembeni. Jina lake. Uzembe. Hata nukta naziona.

Printa imewashwa. Karatasi imo, kitufe sijabonyeza.

Ndaki yuko nje ya mlango, kwenye benchi. Ameitwa, hajui kwa nini. Nimesikia anavyokuja, yale mabuti yake. Alinisalimia, mwadela mayu. Nikaitikia mwadela. Sasa ameuliza, kile kioo kimepona? Unaona vizuri?

Anauliza kwa wema. Alijua habari za macho yangu, huyu. Siku ile ya mzee wa Lingeka alijua, na hajamwambia mtu.

Nimesema naona, Ndaki.

Akasema haya mayu. Akasema mimi niende basi nikawashe mitambo, bosi akitoka uniite. Nikasema subiri kidogo. Yuko pale. Luhaga anafunga brifkesi, nasikia vifungo. Anakuja